Harusi Iliyozunguka Bustani Mara Mbili

"Mama, kamera hii haijawahi kumpoteza mtu. Hata mbu akipita mbele yake anatoka na kope zake zote."

Ndivyo Maige, mpiga picha wa Igoma, alivyotamba asubuhi ya harusi mbele ya Mama Rebeka, mkono mmoja kifuani, kamera begani, suruali ya mtumba imepigwa pasi mpaka inaweza kukata mkate. Jumapili iliyopita nafasi ya gazeti ilituishia tukiwa naye juu ya kilima cha Capri Point, amechuchumaa nyuma ya jabali, harusi nzima inamsubiri upande wa pili, macho yake yameganda kwenye kile kifundo kidogo cha kushoto ambacho, kamera ikiwa na mkanda, huzunguka kila unaposogeza picha.

Kifundo hakizunguki.

Maige akafungua mlango wa nyuma wa kamera.

Tupu! Hamna mkanda, hamna hata harufu ya mkanda. Mlikuwa na sisimizi mmoja tu, anatembea zake taratibu kama mtu aliyepewa nyumba ya serikali.

Maige akafunga. Akafungua tena, maana binadamu ndivyo tulivyo. Sisimizi bado yumo.

Akashika kichwa. Akapiga magoti. Akamkumbuka Mungu, ambaye tangu Pasaka hawakuwa wameonana.

Mkanda wenyewe ulikuwa wapi? Mfukoni mwa koti, ndani ya kopo lake, mzima kama yai la asubuhi. Na wewe unayecheka, hebu jua kwanza kazi za watu. Wapiga picha wa bustanini wana desturi yao. Watoto wa mtaa wakiwazonga, "Anko, na mimi! Anko, na mimi!" wanawapiga mwanga wa bure. Flashi inawaka, kamera haina kitu, watoto wanaondoka wanaruka, hakuna aliyeumia. Basi asubuhi ile, kwa furaha ya kupata kazi ya harusi, Maige aliwapiga mwanga wa bure watoto wa Igoma yote. Alipoingiza mkono mfukoni atoe mkanda auweke, Perez akashuka kwenye gari na gauni la upambe la rangi ya zambarau. Mkono ukatoka mtupu, ukaenda kunyoosha kola ya shati.

Maana yake ni hii: kanisani, mwanga wa bure. Bustani ya kipulefti, mwanga wa bure. Bustani ya ufukweni, mwanga wa bure. Masalu Gadeni, mwanga wa bure. Bibi harusi, bwana harusi, pete, machozi, matarumbeta, vyote vimepigwa kama watoto wa Igoma.

Na mwenye harusi si mtu wa kuchezewa. Mama Rebeka ni mjane wa Shirati mwenye mabinti wawili. Rebeka, mkubwa, ndiye anayeolewa leo na Nathaniel, dalali wa minofu ya sangara. Perez, mdogo, ndiye anayemfanya Maige aongee na mto wa kulalia. Maige alipopenyeza ombi lake, mama alimjibu akiwa anakaanga dagaa, hata hakugeuka. "Nipigie picha za harusi ya Rebeka. Zikitoka, njoo nyumbani tuzungumze habari za Perez. Zisipotoka, hata njia ya kuja kwangu uisahau."

"Maige! Umelala huko?"

Sauti ya Perez hiyo. Maige akamtoa sisimizi kwa kidole, akapachika mkanda kivulini. Akavuta. Safari hii kifundo kikazunguka. Akatokea nyuma ya jabali na tabasamu kubwa kuliko mdomo.

"Jamani! Mzunguko wa kwanza umekwisha. Sasa tunaanza wa pili, wenyewe."

"Wa pili upi?" akauliza Perez.

"Wa albamu. Ule wa kwanza ulikuwa wa kuwazoesha maharusi kucheka. Si mmeona Rebeka alivyokuwa amekaza shingo kanisani? Sasa ameshalegea. Tunarudia kote tulikopita."

"Maige, nitazame machoni."

Maige akatazama ziwa. "Dar sasa hivi hakuna harusi ya mzunguko mmoja. Mzunguko mmoja ni wa watu waliofunga ndoa bomani kwa haraka, na wote tunajua haraka yao ilikuwa ya nini."

Neno lilikuwa limekwishafika lilikotakiwa kufika. Nathaniel, bwana harusi, alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa huo uliitwa Dar. Suti yake ya Kariakoo, viatu vya Kariakoo, hata kikohozi alichokuwa nacho alisema alikipata Dar.

"Dar wanazunguka mara mbili?"

"Mara mbili, bosi. Wenye uwezo mara tatu."

"Na mlikuwa mnaniacha nizunguke mara moja kama mtu wa kijijini! Washeni magari!"

"Yaya!" Huyo ni Mzee Shimba, baba mdogo wa Nathaniel na mwenyekiti wa kamati ya harusi. Alipokataa jambo alikataa kwa Kisukuma kwanza, ndipo Kiswahili kifuate. "Haiwezekani! Pilau inapoa. Kamati haikupitisha mzunguko wa pili."

"Mwenyekiti, pilau inapashwa. Ujana haupashwi," akajibu Maige.

Vigelegele! Mzee Shimba akafunga kifungo cha koti.

Wakaanza pale pale kilimani. Maharusi juu ya jabali, ziwa chini yao limetandazwa kama kitenge kipya, pimbi wawili wamekaa kwenye jiwe la jirani kama wazazi wa upande wa pili. Mjusi mwenye kichwa chekundu akatoka ufani, akaanza kutikisa kichwa juu, chini, juu, chini.

"Anatukubali huyu," akasema Rebeka, akacheka mpaka shela ikamponyoka. Cha! Maige akaidaka picha hiyo hiyo, shela iko angani. Picha ya kweli. Moyo ukamshuka kidogo kutoka kooni, ukakaa kwenye kola.

Halafu akakumbuka pete.

Kilimani unarudia, bustanini unarudia. Kanisani je? Kule walikotoka kulikuwa kumekwishafungwa, na mchungaji amekwenda kuzika Buhongwa. Harusi isiyo na picha ya pete ni kama kitambulisho kisicho na sura.

Wakafika Masalu Gadeni jua likianza kuinama. Mahali hapa wengi mnapajua palivyokuwa: uwanja wa wazi, wanafunzi wamelala chali na vitabu usoni. Ruksa ya biashara huria ilipoingia, bwana mmoja aitwaye Masalu akaweka ukuta, geti, mlinzi, na sangara wa saruji anayetema maji mdomoni Jumamosi tu. Majani yale yale tuliyokuwa tunayalalia bure sasa yana kibao: "Usikanyage." Lakini bougainvillea zake, msema kweli hakosi, zilikuwa zimepanda zikafanya tao jekundu ambalo hata askofu angeona haya kulipita bila kuoa.

"Hapa tunapiga pete," akasema Maige.

Rebeka akaduwaa. "Pete si tulivishana mbele ya mchungaji?"

"Kanisani mwanga ulikuwa wa kusali, dada. Huu ndio mwanga wa kuvishana."

"Na mchungaji?"

Maige akageuza macho taratibu, akapima watu mmoja mmoja, yakatua kwenye koti jeusi.

"Mwenyekiti, hebu geuka."

"Nigeuke kwa nini?"

"Geuka tu, mzee wangu. Eheee! Jamani, tazameni mgongo! Mgongo wa kichungaji kabisa huu. Simama hapo, inua mkono kama unabariki."

Mzee Shimba akajaa kifua. "Na uso wangu?"

"Uso tutaupiga baadaye, peke yake, na nafasi yake."

Cha! Pete ikaingia kidoleni mara ya pili siku hiyo, na Nathaniel, kwa kuwa safari hii hakuwa na hofu ya kusahau maneno, akamtazama mkewe kwa namna ambayo kanisani hakuthubutu. Rebeka akasahau kabisa kwamba ni maigizo. Chozi likamtoka. Cha!

"Nyie!" Sauti kama filimbi ikatokea getini. "Si mlikuwa hapa saa ile?"

Msafara mwingine ulikuwa unaingia, harusi ya Kirumba, na mbele yake shangazi wa bibi harusi, mama mnene mwenye kofia yenye ua kubwa kama sahani. Jina lake Tereza, na Kirumba nzima ilijua kuwa harusi ya mpwa wake ni lazima ishinde ya kila mtu.

"Tulikuwa, shangazi," akajibu Nathaniel, kidevu juu. "Huu ni mzunguko wa pili. Mtindo wa Dar. Kwani nyie mnazunguka mara ngapi?"

 Shangazi Tereza akamgeukia dereva wake.

"Geuza! Geuza gari! Kumbe siku nzima tunapigwa picha za kishamba!"

Maige akataka kuzimia. Uongo wake ulikuwa haujatimiza saa moja, tayari umeota miguu na umepanda gari.

Wakashuka ufukweni, kwenye bustani inayotazamana na jiwe la Bismarck, wa Kirumba wako nyuma yao mkia kwa mkia. Jumamosi jioni mahali hapa hapana pa kuweka sindano. Wachumba wamekaa kwenye nyasi na soda moja yenye mirija miwili, kila mmoja anamwachia mwenzake anywe huku akiangalia chupa inavyoshuka. Korongo wamesimama kando ya maji, mabega juu, kama wahasibu waliokosa hesabu. Mpiga picha mwenzake Maige akamwona, akapaza sauti, "We Maige, si ulishapita na hawa?" Maige akajifanya upepo umemziba masikio.

Akawapanga maharusi, jiwe nyuma yao. Cha! Wapambe. Cha! Perez peke yake, eti kupima mwanga. Cha!

"Hiyo ya nini?" akauliza Perez.

"Ya kupima."

"Umepima tangu asubuhi mimi tu."

"Wewe ndiye mwenye mwanga."

Perez akamgeuzia kisogo ili asionekane anacheka. Masikio yakamsaliti: yalitikisika.

"Maige. Njoo hapa."

Mama Rebeka alikuwa amekaa kwenye benchi, viatu amevivua, miguu juu ya nyasi. Maige akasogea, akainama.

"Naam, mama."

"Kaa. Umenizungusha leo mpaka magoti yananidai. Lakini sikukasirikii. Unajua kwa nini nilikushikia bango habari ya picha?"

"Hapana, mama."

"Mimi na marehemu Ogada tulipigwa picha Musoma, kando ya ziwa hivi hivi. Siku nzima. Nilikuwa nimevaa viatu vya kuazima, vinanibana mpaka leo nikivikumbuka. Geuka huku, cheka, shika ua, mwinamie mumeo. Baadaye yule mpiga picha akaja nyumbani, kofia mkononi. 'Mama, mkanda umeungua.' Ogada akacheka. Akasema tutapiga nyingine, sisi bado vijana." Akazisugua nyasi kwa unyayo. "Hatukupiga nyingine. Baba yake alifariki Perez akiwa bado ananyonya. Sina hata moja. Mtoto akiniuliza baba alifananaje, namwambia chukua kioo, tazama masikio."

Maige akaifunika kamera kwa mikono yote miwili. 

"Miaka imepita, ndipo watu wakanieleza ukweli. Haukuungua, Maige. Haukuwemo."

Mbele yao Rebeka alikuwa anajaribu kumfundisha Nathaniel kutembea kwa madaha. Matarumbeta yanalia. Watu wote wanacheka.

"Haukuwemo," Mama Rebeka akarudia. "Angekuja siku ile ile akasema, mama, nimesahau, ningemfokea, kisha ningevaa tena vile viatu. Mwenye kunisahaulia nitamsamehe. Huyu alinifunga mdomo na neno 'kuungua.' Huyo ndiye nisiyemsamehe."

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi, mwanamke mwenyewe ameushikilia! Maige alichotakiwa ni kupita tu. Akafungua mdomo. "Mama, mimi leo..."

Piiiiiiii! Honi ya Nathaniel. "Mpiga picha! Jua! Jua linatukimbia!"

"Nenda," akasema Mama Rebeka, akimpiga kidogo begani. "Utaniambia baadaye."

Akaenda. Lakini tumpe haki yake: aliyeinuka kwenye benchi lile hakuwa yule aliyekaa. Mpaka hapo alikuwa anaokoa posa yake. Sasa alikuwa anaokoa picha. Alipiga kama mtu anayezima moto. Alimpiga mama mtu amekaa vile vile, miguu peku juu ya nyasi, Perez amelaza kichwa begani mwake. Cha! Akaomba kimoyomoyo isije ikatikisika.

Imebaki bustani ya kipulefti. Hapo ndipo Mwanza ilipopatikana.

Bustani yenyewe ni duara la nyasi katikati ya barabara, ina maua mekundu na benchi mbili, ukubwa wake unatosha harusi moja na mbuzi mmoja. Wakafika wa Nathaniel kutoka upande huu. Wakafika wa Kirumba kutoka upande ule. Na nyuma ya wa Kirumba ikaja harusi ya tatu, ambayo hakuna aliyejua ni ya nani, imesikia tu njiani kwamba anayejali heshima yake anazunguka mara mbili.

Matarumbeta ya kundi hili yanapiga wimbo wa kanisani. Ya kundi lile yanapiga mdundiko. La tatu lina ngoma tu. Magari yakaanza kuzunguka kipulefti, hakuna anayetoka, hakuna anayekubali kuwa wa mwisho. Trafiki akapuliza filimbi mpaka mashavu yakamchoka, kisha akaona filimbi yake inaendana na mdundiko, akaachia kiuno kidogo.

"Ukoloni umekwisha!" akapiga kelele muuza karanga mmoja, hata haijulikani kwa nini.

"Maharusi! Haraka! Jua!" Maige akaita, jicho kwenye kamera. "Bwana, mshike kiuno. Bibi, cheka. Hapo hapo!" Cha! "Rebeka, mbona umenenepa?"

Bibi harusi akafunua shela. Hakuwa Rebeka. Alikuwa wa Kirumba, na Nathaniel, meno yote nje kwa ajili ya kamera, alikuwa amemkumbatia bila kujua anamkumbatia wa nani.

"Mume wa mtu huyo!" Rebeka akatua katikati yao na shada la maua. Shada likamkuta Nathaniel pigo la kwanza kichwani, la pili sikioni. Shangazi Tereza akamvuta mpwa wake huku, Mama Rebeka akamvuta mkwewe kule, na watu waliokuwa wamejaa ukingoni wakapiga makofi, wakidhani nayo ni sehemu ya mtindo wa Dar.

Maige akapiga. Akapiga shada, akapiga kofia ya shangazi inaruka, akapiga Rebeka na Nathaniel wameketi kwenye nyasi hoi, wanacheka hadi wanashikana wasianguke, jua la mwisho limewapaka dhahabu. Mkanda ukabaki na picha mbili tu. Akapumua. Zimo. Zote zimo!

Ukumbini watu hawakuwa na habari nyingine. Huku wanakula pilau, huku wanasimuliana kipulefti. Mama Rebeka akapita nyuma ya kiti cha Maige, akainama sikioni kwake.

"Jumapili ijayo njoo nyumbani. Uje na wazee wako."

Chini ya meza, kidole cha mtu mwenye gauni la zambarau kikamfinya Maige kiganjani. Msomaji, wewe ungebaki na akili? Maige hakubaki nazo.

"Mabibi na mabwana," akasema MC, "tunamwomba aliyeileta Dar hapa Mwanza aje atueleze mwenyewe! Mpiga picha wetu!"

Angeweza kukataa. Angeweza kusema sauti imekauka. Lakini mpe Maige kipaza sauti uone kama atakirudisha.

"Wapendwa," akaanza, akapanua kifua, "kamera hii inajua kazi. Mzunguko wa kwanza, nimewapiga. Mzunguko wa pili, nimewapiga tena. Kanisani, wakati Rebeka anasema 'ndiyo,' nimeidaka ile 'ndiyo' ikiwa bado mdomoni! Chozi la Mama Rebeka, lilipodondoka, nimelidaka halijafika sakafuni! Zote zimo humu." Akaipiga kamera kofi la upendo.

Makofi. Mama Rebeka akajifuta jicho.

Na hapo ndipo angekaa. Hakukaa.

"Hata mwenyekiti wetu Mzee Shimba yumo. Yeye nimempiga mgongo tu, maana tulipolinganisha, kamati nzima ikaona mgongo una heshima kuliko uso."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Watu wakapiga meza. Mzee Shimba, ambaye siku nzima alisubiri zamu ya uso wake na haikufika, akaweka kijiko chini. Akainuka polepole. 

"Mimi nilimwona."

"Nani, mwenyekiti?" akauliza MC, bado anacheka.

"Huyu. Capri Point. Alikwenda nyuma ya jabali, akafungua kamera yake nyuma, wazi kabisa, juani. Akachungulia. Akafunga. Akafungua tena. Akashika kichwa, akapiga magoti akasali. Halafu akatoa kitu kwa kidole, kama mdudu, akatoa mkanda mfukoni, mpya, ndani ya kopo lake, ndipo akauweka. Picha za kanisani hazimo. Hazikuwemo tangu mwanzo!"

Kicheko kikakatika kama umeme wa Jumamosi.

Maige akacheka peke yake. "Mwenyekiti amechoka, jamani. Nyuma ya jabali nilikuwa mimi peke yangu. Ungeonaje?"

"Nilikuwa jiwe la pili."

"Jiwe la pili ukifanya nini, mzee?"

Mzee Shimba akafumba macho. Kila mtu wa Mwanza aliyewahi kupanda kile kilima anajua jiwe la pili lina maandishi gani ya rangi nyeupe, makubwa, na ni kitu gani kimekatazwa hapo. Mwenyekiti wa kamati, mwenye koti jeusi, mwenye mgongo wa kichungaji, akajikaza.

"Nilikuwa nakojoa," akasema. "Nitozeni faini. Lakini nilimwona."

Hakuna aliyecheka. Mtu anayejiaibisha kiasi hicho mbele ya wakwe hadanganyi, na ukumbi wote ulilijua hilo. Perez alikuwa amesimama, mkono mdomoni.

Mama Rebeka akatembea kutoka meza kuu. Alikuwa peku tena. Akafika mbele ya Maige, akanyoosha mkono.

"Kamera."

Maige akampa. Angefanyaje?

"Mama, nisikilize. Za kanisani ni kweli, nilisahau. Nilitaka kukwambia pale kwenye benchi, haki ya Mungu. Lakini za mzunguko wa pili zimo! Zote! Wewe umo, Perez yumo, mmekaa kwenye nyasi..."

"Mkanda umo?"

"Umo, mama!"

"Basi fungua niuone."

"Nikifungua hapa..." Sauti ikamkauka kweli safari hii. Taa za ukumbi zilikuwa zinawaka zote, nyeupe, kali. "Mama, nikifungua hapa kwenye mwanga, zitaungua."

Uso wa Mama Rebeka ukabadilika.

"Kuungua," akasema taratibu. "Neno hilo nalijua."

"Nipe niuzungushe kwanza urudi ndani ya ganda lake, kidogo tu, kisha utauona kwa macho yako..."

"Mikono yako ikae hapo hapo. Nyie mnajua kuficha."

"Mama, ngoja!" akapiga kelele Perez, akiruka viti.

"Nimengoja tangu wewe hujazaliwa," akasema Mama Rebeka, na kidole gumba chake kikaingia chini ya kifungo cha mlango wa nyuma, kikakinyanyua, na kifungo kikalia: ka.